Watoto wamekaa sana kwenye "mengineyo": kazi ya diwani tunayoisahau Nyanda za Juu Kusini

Tangu Novemba 2025 Rais Samia alipotangaza baraza jipya la mawaziri na kuweka wizara ya maendeleo ya vijana chini ya ofisi yake, huku kwetu kuna maneno nayasikia sana, kwenye daladala za Uyole, vijiweni Mwanjelwa kule Mbeya, hadi kwenye vikao vya harusi Iringa mjini: sasa vijana wana wizara yao, diwani aachwe ahangaike na barabara. Wanaosema hivyo wana nia nzuri tu, wamefurahi kuona vijana wamekumbukwa, na mimi pia nilifurahi. Ila naona tumelielewa jambo hili kichwa chini miguu juu, na tukiliacha hivyo litatugharimu miaka mitano mizima, maana madiwani waliopatikana kwenye uchaguzi wa Oktoba 29 ndo kwanza wameapishwa na sasa hivi wanaingia kwenye bajeti yao ya kwanza. Kwa mtoto wa Kilolo au kijana wa Mbalizi, hakuna kiongozi aliyeshika vitu vingi vinavyomgusa kuliko diwani wake. Ameshika ajenda ya kata, ana kura kwenye hela za halmashauri, na anajua, au angeweza kujua, nani yuko wapi na ana shida gani. Wizara inaweza kutunga sera nzuri kabisa lakini haitamjua huyo mtoto kwa jina.

Tuanze na diwani mwenyewe ni nani, maana hapa ndo tunapochanganya. Wengi tunamjua kama mtu wa kuleta greda, kuchangia misiba na kuvutana na mtendaji. Kwa utaratibu wa sheria za serikali za mitaa za 1982, diwani wa kata ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, mtendaji wa kata ndo katibu, wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe, halafu wataalamu nao wanaingia, afisa elimu kata, mganga wa zahanati, bwana shamba, afisa maendeleo ya jamii. Ukikaa ukalifikiria hilo, hiki kikao ndo mahali ambapo anayejua mtoto hajaja shule, anayejua mtoto kapungua uzito na anayejua baba wa mtoto anakaa kitongoji gani wanakaa benchi moja. Waziri hana kikao kama hicho, mbunge hana. Na diwani huyohuyo akitoka hapo anapanda halmashauri, anakaa kwenye kamati ya kudumu, anakaa kwenye Baraza la Madiwani, na bajeti ya halmashauri lazima ipite mikononi mwa baraza hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo haikuacha ustawi wa mtoto uelee hewani, imeipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kuulinda na kuuendeleza katika eneo lake. Sasa mamlaka hiyo ni nani kama sio baraza lenyewe?

Mwaka jana niliingia kwenye kikao kimoja cha kata kama mjumbe wa kamati ya shule. Ajenda zilikuwa nane. Ya barabara ilikula saa nzima na zaidi, watu wakabishana kalavati likae upande gani wa mteremko, na hiyo siilaumu hata kidogo maana masika bila kalavati kule hata mgonjwa hatoki. Mwalimu mkuu muda wote huo amekaa, daftari la kaunta kalipakata, anasubiri. Nafasi yake ilikuja kwenye "mengineyo", ile ajenda ya mwisho, saa nane imeshapita, watu wanatafuta kofia zao. Akasimama akasoma polepole: darasa la kwanza na la pili wanaokunywa uji ni wale ambao wazazi wao wameleta mahindi na hela ya kusaga, wengine kengele ya saa nne ikigongwa wanatoka kwenda kusimama ukutani upande wa jua, wanawaangalia wenzao wakipuliza vikombe. Akasema hao wa ukutani ndo haohao ambao mwezi wa kumi bado hawaunganishi silabi. Mwenyekiti akajibu, tumekusikia mwalimu, tutalifanyia kazi, kikao kikafungwa kwa sala. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na roho mbaya. Lakini muhtasari niliokuja kuusoma baadae una kurasa nne za barabara na mstari mmoja wa uji.

Uweke huo mstari mmoja pembeni ya takwimu. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano wenye udumavu nchi nzima ni asilimia 30. Iringa ni karibu 57. Njombe ni 50 na Rukwa wako hapohapo. Na Iringa mwaka 2018 tulikuwa 47, yaani wakati nchi inashuka japo taratibu sisi tumepanda. Hii ndo mikoa inayolisha miji ya watu wengine, ukipita Isyonje unakuta viazi vimefungwa lumbesa vinasubiri fuso, ukipita Njombe ni maparachichi, Mufindi ni chai na mbao, mahindi ndo usiseme. Chakula kipo. Ila mama anaenda shamba alfajiri anarudi jua linazama, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabaki na dada yake wa miaka saba, asubuhi uji mweupe wa sembe, mchana kiporo kikiwepo, jioni mama amechoka na mtoto ameshasinzia. Maharage na mayai na maziwa yanauzwa kwa sababu ndo hela ya mbolea na ya sare za shule. Mwanamke wa namna hiyo ukimwita kwenye semina ya makundi ya vyakula utamwonea tu, anayajua. Anachokosa ni mtu wa kumshikia mtoto msimu wa kulima na kupalilia, na hilo ni jambo la kijiji na kata kabisa: chumba kimoja, mama wawili wanaolipwa na wenzao kwa debe la mahindi, sufuria, na mhudumu wa afya anayepita na mizani. Diwani akiliitisha linawezekana, na mtu mwingine yeyote akiliitisha bila diwani linakufa baada ya wiki tatu.

Hela nazo zimeshatajwa. Wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya lishe mbele ya Rais mwaka 2022, na kipimo kimoja kinachoeleweka na kila mtu ni kwamba halmashauri itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Tuseme halmashauri ina watoto 40,000 wa umri huo, hapo ni milioni 40 kwa mwaka. Si hela nyingi ukilinganisha na ushuru unaokusanywa kwenye mazao na mbao. Tatizo ni kwamba kutenga na kutoa ni vitu viwili tofauti, kwenye kitabu cha bajeti inaweza kuonekana milioni 40 halafu robo ya tatu imefika zimetoka kidogo sana na nyingi zimeishia kwenye posho za vikao vya lishe. Anayeweza kusimama kwenye baraza akauliza zimetoka shilingi ngapi, zimenunua nini na kwenye kata yangu zimefika kijiji gani, ni diwani. Waandishi wa habari wakiuliza wataambiwa waandike barua.

Najua kuna hoja upande wa pili, na kuna moja ambayo ni nzito kweli. Inasema diwani mnamtwika mzigo asio na nguvu ya kuubeba. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, wakuu wa idara wanamsikiliza mkurugenzi, hela kubwa zinatoka Hazina zikiwa zimeshaandikwa jina, walimu na waganga wanaajiriwa juu huko, mapato ya ndani ya halmashauri zetu nyingi ni ya kubana, na diwani anaweza kupitisha azimio zuri likakaa kwenye faili mpaka karatasi zigeuke njano. Yote hayo ni kweli na mtu anayesema diwani anaweza kila kitu anamdanganya. Ila naomba tuangalie tunachokipigania hapa kinahitaji nguvu ya aina gani. Kuweka uji wa shule kuwa ajenda namba tatu hakuhitaji kibali cha Hazina. Kumwambia kila mwenyekiti wa kijiji aje na majina ya watoto waliochaguliwa kidato cha kwanza na hawajaripoti hakuhitaji bajeti, kunahitaji daftari. Sheria ndogo ya kijiji inayokataza mtoto kuonekana kilabuni msimu wa ulanzi au kubeba mzigo mnadani siku ya shule, inaanzia kijijini na inapitishwa halmashauri, kote huko diwani yupo. Na hayo mapato ya ndani hata yakiwa madogo kiasi gani, ndo hela ambayo baraza lina kauli nayo zaidi kuliko hela nyingine yoyote, kwa hiyo udogo wake ni sababu ya kuilinda zaidi.

Hoja nyingine ni kwamba mtoto ni wa mzazi, diwani asiingilie malezi. Hii naikubali nusu. Mzazi ambaye ana mahindi ghalani na hataki kutoa kibaba cha uji anatakiwa aambiwe ukweli mbele ya wenzake, na elimu bila ada iliyoanza 2016 haikusema serikali itapika. Lakini kuna kaya ambazo kweli hazina, bibi analea wajukuu wanne, wazazi walishakufa, hasa ukienda Makete na Njombe ambako ukimwi ulichukua watu wengi sana. Serikali imeshakataza mtoto kufukuzwa shule kwa sababu ya mchango, ila kumsimamisha ukutani wakati wenzake wanakunywa uji ni kumfukuza kwa njia nyingine. Kazi ya kata hapa ni kutofautisha asiyetaka na asiyeweza, na kumlipia asiyeweza kwa shamba la shule au kwa mchango wa wenye uwezo. Hilo ni la uongozi, mzazi mmoja mmoja hawezi kulifanya.

Hoja dhaifu kuliko zote, na nimeisikia kwa watu wazima wenye akili zao, ni hii ya kwamba watoto hawapigi kura na vijana hawaji kwenye mikutano, kwa hiyo diwani anafanya busara akiwasikiliza wanaokuja. Kwanza Sensa ya 2022 inaonyesha karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18, sasa kiongozi ambaye nusu ya watu wake hawamo kwenye mahesabu yake anaongoza nini? Pili hesabu yenyewe ya kura ni mbovu, mtoto mwenye miaka 14 leo ifikapo uchaguzi wa 2030 atakuwa ameshatimiza 18, yaani yule dogo wa kidato cha kwanza ndo atakayempima diwani huyuhuyu mwisho wa muhula wake. Na hili la vijana kutokuja mikutanoni, mkutano unaitishwa Jumanne saa nne asubuhi, saa hiyo kijana wa bodaboda yuko Kabwe, Mbeya, anatafuta hela ya bosi mwenye pikipiki, wa saidia fundi yuko saiti, binti wa mama lishe anakata kitunguu. Wakija ndo watu wanashangaa hawana kazi. Uitishwe Jumapili jioni palepale kijiweni uone kama hawatakuja. Kusema vijana hawapendi mambo ya maendeleo wakati tumeweka saa ambayo hawawezi kuja ni kuwaonea tu.

Tukija kwa vijana wenyewe, madiwani wetu wengi wana jibu moja, kombe la diwani. Jezi, mipira, mshindi wa kwanza anapewa mbuzi au ng'ombe. Sina ugomvi na mpira, vijana wanacheza, mtaa unatulia, vipaji vinaonekana. Ila mashindano ni ya wiki sita na mwaka una wiki 52, na hela yenyewe mara nyingi ni ya mfukoni kwa diwani ikiisha imeisha. Wakati huohuo ipo hela ambayo ni haki ya vijana kisheria na haitegemei mfuko wa mtu. Halmashauri inatakiwa itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri yenye bilioni 5 zinazoingia kwenye hesabu hiyo, fungu la vijana ni milioni 200 kwa mwaka. Serikali iliisimamisha mikopo hii 2023 baada ya ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuonyesha mabilioni hayajarejeshwa na vikundi vingine ni hewa, ikaja kurudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Watu wengi walilaumu vijana kwamba ndo walikula hela. Mimi nauliza kikundi hewa kinapataje barua ya mtendaji, kinapataje muhuri, kama kata ilikuwa macho? Diwani anayejua vijana wake anajua nani ana banda la kuku kweli na nani ameazima kuku kwa jirani siku ya ukaguzi. Upande wa pili wa shilingi kuna kikundi cha kweli kabisa, vijana watano wanachomelea mageti, wameshindwa kwenye katiba ya kikundi na fomu kwa sababu hakuna aliyewakalisha chini jioni mbili akawaonyesha. Anayehusika na hilo ni afisa maendeleo ya jamii, sawa, lakini huyo anahudumia wengi na anayeweza kumuuliza kila robo umefikia vikundi vingapi ni mwenyekiti wa kamati ya kata.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Iringa tunalionea aibu kulisema. Nenda stendi alfajiri mwezi wa kwanza, utawaona mabinti wa miaka 13, 14, mfuko wa shangazi kaja mkononi, sweta, mama mmoja hivi nadhifu ndo kashika tiketi zote. Wanaenda Dar kufanya kazi za ndani. Nchi nzima inajua dada wa kazi wa Iringa, imefika mahali watu wanaona ni kama sifa ya mkoa. Wengine kati yao wamechaguliwa kidato cha kwanza, nafasi iko shule ya kata, jina liko ukutani pale, na wenyewe wako kwenye basi. Balozi wa nyumba kumi anajua. Mwenyekiti wa kijiji anajua. Mwalimu anajua ila akisema anaonekana anaingilia biashara ya watu. Huyu mtoto hana wizara itakayomkuta stendi saa kumi na moja alfajiri. Lakini diwani aliyeagiza ile orodha ya wasioripoti, akaisoma kikaoni jina kwa jina, akamtuma mtendaji nyumba kwa nyumba ndani ya wiki mbili za kwanza, anabadilisha hesabu ya kijiji kizima, kwa sababu mzazi anayejua jina la binti yake litasomwa atafikiria mara mbili, na dalali naye atajua kata hii wanauliza. Namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto ipo na ibandikwe kila stendi, ila simu inaanza na mtu mzima aliyeamua kwamba hili si la kawaida.

Niliwahi kusoma wenzetu Uingereza wanavyofanya. Sheria yao ya watoto ya 2004 inazitaka halmashauri zenye dhamana ya huduma za watoto zimtaje diwani mmoja kuwa msimamizi wa mambo ya watoto, mtu mwenye jina, mambo yakiharibika anaulizwa yeye. Wana maafisa ustawi wengi na fedha ambazo sisi hatuna, kwa hiyo kunakili kila kitu ni kujidanganya. Ila ule utaratibu wa mtu mmoja mwenye jina haugharimu kitu. Kwetu watoto wamegawanywa, shule na zahanati ziko kamati ya elimu, afya na maji, mikopo ya vijana iko fedha, ukatili uko kwenye kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, kila mahali wapo na hakuna mahali ambapo mtu mmoja anawajibika kwa wote. Bunge lilipitisha sheria ya Baraza la Vijana 2015, miaka kumi ikakatika na kijana wa kata hajaliona hilo baraza, kwa hiyo kusubiri chombo kipya kishuke kutoka juu tumeshajua kunavyokwenda. Baraza la madiwani la Mbeya, la Mufindi, la Rungwe, la Wanging'ombe, likiamua kikao kijacho tu linaweza kumtaja mmoja wao, awe wa kata au viti maalum, akawa anasimama kila robo na karatasi moja: walioripoti shule, wanaokula shuleni, waliopimwa uzito, hela ya lishe iliyotoka, vikundi vya vijana vilivyokopeshwa na vilivyorejesha. Dakika kumi zinatosha. Baada ya robo mbili wakuu wa idara watakuja na majibu kabla hawajaulizwa, maana hakuna anayependa kukaa kimya mbele ya baraza mara ya pili.

Kwa diwani mwenyewe hii itakuwa na gharama na ni vizuri tuseme. Kalavati linaonekana, linapigwa picha, linazinduliwa. Mtoto aliyekunywa uji miaka mitano na akasoma vizuri hana picha ya uzinduzi. Kwa hiyo sisi wapiga kura ndo tunaomfundisha diwani ahesabu nini, na mpaka sasa tumemfundisha ahesabu misiba na moramu. Mkutano wa hadhara ukifika tunanyoosha mikono kumi, tisa ni barabara na mmoja ni maji. Tukitaka alete taarifa ya watoto inabidi tuiulize hadharani, tena kila mara, mpaka aje nayo mwenyewe.

Kwenye shule yetu tumeanza na kidogo tunachoweza. Kamati imeandika barua, imepita kwa mwalimu mkuu, juzi nimeipeleka mwenyewe ofisi ya kata, mtendaji ameigonga muhuri wa kupokelewa. Tumeomba uji uwe ajenda namba tatu kwenye kikao cha robo hii, kabla ya barabara, na kila mwenyekiti wa kijiji aje na majina ya kaya ambazo kweli haziwezi kuchangia. Diwani mpya ameshaiona, amesema ataisoma. Kikao ni mwezi ujao na mwalimu mkuu atakuja na daftari lake.